Molekuli za Rangi Zinapokumbatiana: Mwongozo Kamili wa Kuchunguza Mafungu Yake Katika Viyeyushi Tofauti

Chukua myeyusho wa bluu ya methilini katika maji, wenye ukolezi wa mikromola 10, uumimine kwenye kuveti ya kawaida, yaani kichupa angavu cha kupimia mwanga, yenye njia ya mwanga ya milimita 10. Chukua mwingine uliokolea mara mia, yaani milimola 1, uuweke kwenye kuveti nyembamba ya milimita 0.1. Mwanga unaopita katika kuveti hizo mbili unakutana na idadi ileile ya molekuli. Lakini zishike mbele ya karatasi nyeupe uzitazame: ya kwanza ni bluu ya anga, ya pili imeanza kuingia zambarau. Molekuli ni zilezile na maji ni yaleyale. Kilichobadilika ni ujirani.

Mwongozo huu ni wa kuuchunguza ujirani huo: jinsi molekuli za rangi zinavyojikusanya zenyewe kuwa jozi, safu na mafungu, na jinsi kiyeyushi kinavyoamua nani akae na nani. Nimeuandika kwa mwanafunzi wa kemia au mtafiti anayeanza, mwenye spektrofotomita, pipeti na subira. Kama utashika jambo moja tu, lishike hili: fungu huonekana katika umbo la spektra, yaani mchoro wa ufyonzaji wa mwanga kwa kila urefu wa wimbi, si katika kimo chake. Spektra inaweza kushuka kwa sababu nyingi ambazo hazihusiani kabisa na kujikusanya. Iliyobadilika umbo ndiyo inayokuambia kuwa kuna jambo.

Kwa nini zinakusanyika

Molekuli nyingi za rangi ni bapa na pana, zenye elektroni zilizosambaa kwenye pete zake. Mbili zikilaliana, huvutana kwa nguvu ndogondogo ambazo, kwa kuwa eneo la kugusana ni kubwa, zikijumlishwa huwa si haba. Majini kuna sababu ya ziada. Molekuli za maji hupendelea kushikana zenyewe kwa bondi za haidrojeni, na uso bapa wa rangi huzikatiza. Bapa mbili zikifunikana, sehemu ya uso huo hufichika na maji yaliyokuwa yamebanwa hapo huachiliwa, yakashikane na maji wenzake.

Hapo ndipo utaona kuwa kiyeyushi si chombo cha kubebea tu, bali ni mhusika kamili. Ethanoli inaelewana na uso wa rangi vizuri kuliko maji, kwa hiyo jozi inayodumu majini huachana ndani ya ethanoli. Ukienda kwenye kiyeyushi kisicho na ncha za chaji, kama methilisaikloheksani, mambo hugeuka: rangi yenye vikundi vya amaidi hujishika yenyewe kwa bondi za haidrojeni, kwa sababu kiyeyushi hakina cha kuipa badala yake. Tia methanoli kidogo, mafungu yanafumuka, kwani methanoli inashindania bondi zilezile. Kwa hiyo usiseme kamwe kwamba rangi fulani "hujikusanya" ukaishia hapo. Sema katika kiyeyushi gani, kwa ukolezi gani, kwenye nyuzijoto ngapi.

Fikiria sasa karata. Zipange moja juu ya nyingine, uso kwa uso, kingo zikilingana. Mpango huo huitwa fungu la aina ya H, na kilele cha ufyonzaji husogea kuelekea mawimbi mafupi, upande wa bluu. Zisukume karata ziteleze, kila moja ikitangulia ile iliyo chini yake kama ngazi, upate aina ya J: kilele husogea kuelekea mawimbi marefu, upande wa nyekundu, na mara nyingi huwa chembamba mno. Michael Kasha wa Marekani na wenzake ndio waliotoa maelezo ya eksitoni (msisimko wa mwanga unaoshirikiwa na molekuli jirani) yanayotumika hadi leo, katika miaka ya 1950 na 1960. Mpaka kati ya aina hizi mbili, katika maelezo yao, ni pembe ya nyuzi 54.7 kati ya dipoli ya mpito ya molekuli (mwelekeo ambao elektroni zake hutikisika zikifyonza mwanga) na mstari unaounganisha vitovu vya majirani. Pembe ikizidi hapo ni H, ikipungua ni J.

Herufi J ina historia yake. Mwaka 1936 Edwin Jelley nchini Uingereza, na karibu wakati huohuo Günter Scheibe nchini Ujerumani, waliona jambo la ajabu kwenye rangi iitwayo sudoisosianini. Ikiwa nyepesi majini hufyonza karibu na nanomita 523. Ikikolea, huchomoza kilele kipya, chembamba kama sindano, karibu na nanomita 573. Wapo wanaoyaita mafungu haya kwa jina la Jelley na wapo wanaoyaita kwa jina la Scheibe. Wote wawili wanastahili.

Hatua ya 1: Chagua rangi na viyeyushi

Kama ni mara yako ya kwanza, anza na bluu ya methilini katika maji. Monoma, yaani molekuli iliyo peke yake, ina kilele karibu na nanomita 664, na jozi ina kilele karibu na 610. Vilele hivyo vimetengana vya kutosha kuonekana kwa macho, rangi yenyewe inapatikana kwa urahisi, na tabia yake imechunguzwa kwa muda mrefu. Rodamini 6G nayo ni mwalimu mzuri: monoma majini karibu na 527, jozi karibu na 500. Kwa viyeyushi visivyo na ncha za chaji, rangi za jamii ya perileni bisimidi ndizo zinazofundisha zaidi, nami nitazirudia.

Kwa kila rangi tafuta viyeyushi viwili kabla ya kingine chochote: kimoja unachoamini kinaiacha monoma, na kimoja unachoshuku kinaikusanya. Bila kile cha kwanza huna pa kulinganishia.

Kuhusu kuveti: plastiki ya polistirini huyeyuka ndani ya klorofomu na toluini, kwa hiyo kwa viyeyushi hivyo tumia kioo au kwatzi. Vaa glavu na koti, fanyia kazi za klorofomu ndani ya kabati la kutolea hewa, na kumbuka kuwa daimethili salfoksaidi hupenya ngozi ikibeba kilichoyeyuka ndani yake.

Hatua ya 2: Tengeneza myeyusho mama

Molekuli ya bluu ya methilini isiyo na maji ina uzito wa gramu 319.85 kwa moli. Kwa mililita 100 za milimola 1 utahitaji takriban miligramu 32. Lakini unga wa kwenye chupa karibu daima umebeba maji ya kifuwele, na wenye molekuli tatu za maji hufika takriban gramu 374 kwa moli. Tofauti hiyo inakaribia asilimia 17, na mizani haiwezi kukuonyesha. Basi pima uzito, yeyusha, halafu hakiki ukolezi kwa mwanga: punguza myeyusho hadi uwe mwepesi sana, usome ufyonzaji kwenye kilele cha monoma, ulinganishe na thamani inayojulikana ya rangi hiyo katika kiyeyushi hicho. Acha unga uyeyuke kabisa kabla ya kupima, kwa kuukoroga au kuuacha usiku kucha. Vipande vidogo ambavyo havijayeyuka vitakudanganya kuwa ni mafungu.

Sasa kuhusu kioo. Katika miezi yangu ya kwanza nilipima mfululizo wa miyeyusho myepesi ya bluu ya methilini, nikaona kila nikisubiri ufyonzaji unashuka. Nilifurahi. Niliandika daftarini kwamba rangi inajikusanya polepole mbele ya macho yangu. Kisha nikamwaga kuveti, nikaiinua kwenye mwanga wa dirisha, na ndani yake kulikuwa na utando wa bluu umeganda kwenye kuta, mzito zaidi pale uso wa myeyusho ulipofikia. Rangi haikuwa imejikusanya. Ilikuwa imehamia kwenye kioo. Uso wa kioo una chaji hasi, bluu ya methilini ni ayoni chanya, na katika mikromola moja au mbili kiasi kinachonata si kidogo hata kidogo. Nilipozirudia zile spektra niliona jambo ambalo lingeniokoa wiki mbili: zote zilikuwa na umbo lilelile, ila zilikuwa zinapungua kimo.

Kwa hiyo suuza kuveti kwa myeyusho wenyewe mara mbili kabla ya kuijaza, pima mfululizo kuanzia mwepesi kwenda mzito, na usiache miyeyusho myepesi ikae kwenye vyombo vya kioo kwa saa nyingi. Ukimaliza, suuza kwa ethanoli hadi utando utoke.

Hatua ya 3: Shikilia zao la ukolezi na unene

Hii ndiyo mbinu ninayoipenda kuliko zote, maana ni rahisi na inamaliza ubishi. Ufyonzaji hulingana na ukolezi ukizidishwa kwa urefu wa njia ya mwanga. Ukipunguza njia mara kumi kila unapoongeza ukolezi mara kumi, zao halibadiliki. Pima mikromola 10 kwenye kuveti ya milimita 10, mikromola 100 kwenye ya milimita 1, na milimola 1 kwenye ya milimita 0.1. Kama molekuli zingebaki pekepeke, spektra tatu zingelaliana kama karatasi moja. Zikitofautiana, rangi yenyewe imebadilika.

Kwa bluu ya methilini majini utaona kilele cha 664 kikishuka na kile cha karibu na 610 kikipanda kadiri ukolezi unavyoongezeka. Tazama sasa mahali mistari inapokatana. Kama yote inapita katika nukta moja, nukta ya isosibestiki, hiyo ni dalili nzuri kuwa hali mbili tu ndizo zinazobadilishana, monoma na jozi. Nukta ikianza kutangatanga kwenye ukolezi wa juu, huenda mafungu makubwa kuliko jozi yameingia. Usilazimishe hesabu ya hali mbili juu ya data inayokuambia kuna ya tatu.

Upo mtego hapa. Monoma ya bluu ya methilini, hata katika ethanoli, ina bega upande wa mawimbi mafupi, linalotokana na mitetemo ya molekuli yenyewe, nalo liko karibu na pale jozi inapofyonza. Kwa hiyo kuona bega si kuona jozi. Gawanya ufyonzaji wa 610 kwa ule wa 664 na ufuatilie uwiano huo: ukipanda pamoja na ukolezi, ni jozi. Ukitulia, ni bega tu.

Hatua ya 4: Hesabu ni ngapi zimeungana

Kwa jozi, hesabu ni fupi. Kama c ni ukolezi wote na m ni ukolezi wa monoma, basi c = m + 2Km², ambapo K ni kiwango cha msawazo, namba inayoonyesha jinsi molekuli zinavyopendelea kuwa jozi. Kwa bluu ya methilini majini thamani zinazopatikana ni za maelfu ya lita kwa moli. Tuchukue 4000 kama mfano. Kwenye mikromola 1, takriban asilimia 99 ya molekuli ziko peke yake. Kwenye mikromola 10 ni asilimia 93. Kwenye mikromola 100 ni 66, na kwenye milimola 1 zimebaki 30 tu. Ziangalie namba hizo kabla ya kuchagua ukolezi. Anayepima kati ya mikromola 1 na 5 pekee hataona kitu, kisha atasema rangi haijikusanyi. Anayeanza na mikromola 100 akaiita spektra yake "monoma" tayari ana theluthi nzima ya molekuli zikiwa zimeungana.

Mafungu marefu yanahitaji maelezo mengine. Katika aina ya kwanza, kila molekuli inayoongezeka hushikwa kwa nguvu ileile kama iliyotangulia, na fungu hukua taratibu. Katika aina ya pili, chache za mwanzo hupata taabu kuungana, lakini kiini kikishatimia zinazofuata hujiunga kwa urahisi. Kuzitenganisha ni kazi ya joto, katika hatua ya 6.

Hatua ya 5: Badilisha kiyeyushi, kimoja kwa wakati

Weka ukolezi wa rangi palepale, ubadilishe mchanganyiko wa kiyeyushi tu. Andaa chupa za ujazo zenye ethanoli asilimia 0, 10, 20 na kuendelea, tia kiasi kilekile cha myeyusho mama katika kila moja, halafu jaza hadi alama. Usijumlishe ujazo kwa kichwa: mililita 50 za maji na 50 za ethanoli hazileti 100, zinaleta kama 96 au 97. Asiyejua hilo atapata rangi iliyokolea zaidi kidogo kuliko alivyodhani.

Utaona jozi ikififia kadiri ethanoli inavyoongezeka. Kilele cha monoma nacho kitasogea chenyewe, kutoka 664 hadi karibu na 655, kwa sababu mazingira ya molekuli yamebadilika. Kusogea kidogo kwa kilele kizima bila kubadilika umbo ni kazi ya kiyeyushi, si fungu. Nimeona makosa mengi yakizaliwa hapo.

Jaribu pia chumvi. Kloridi ya sodiamu ikiongezwa majini husaidia jozi kuundwa, kwani ayoni zake hupunguza msukumano wa molekuli mbili zenye chaji chanya.

Perileni bisimidi zinaonyesha sura nyingine. Katika klorofomu spektra ya monoma ina vilele vinavyoshuka kama ngazi, mkubwa karibu na nanomita 527 na wa pili karibu na 490, na uwiano wa wa kwanza kwa wa pili ni takriban 1.6. Katika kiyeyushi kinachozikusanya uso kwa uso, ngazi hupinduka: cha 490 hukipita cha 527 na uwiano hushuka chini ya 1. Uwiano huo ni kipimo chepesi na cha kuaminika, na unaweza kuufuatilia chupa kwa chupa.

Mpangilio wa kuchanganya nao una uzito. Porifirini iitwayo TPPS, yenye vikundi vinne vya salfoneti, hufyonza karibu na nanomita 413 majini. Ukitia asidi hupokea protoni mbili na kilele huhamia karibu na 434, kisha asidi, ukolezi na chumvi vikitosha, huchomoza kilele chembamba karibu na 490, fungu la J. Lakini ukianza na asidi au ukianza na rangi, ukimwaga haraka au tone kwa tone, kasi ya kuundwa hubadilika, na hata ukubwa wa mafungu. Andika ulichotangulia kutia, kwa kasi gani, na muda uliopita. Pima baada ya dakika 10, saa moja, na siku moja. Kinachobadilika bado hakijafika msawazo, na hesabu ya K juu yake haina maana.

Hatua ya 6: Pandisha na ushushe joto

Joto huvunja jozi nyingi, kwa sababu kuungana kwake hutoa joto. Kwa bluu ya methilini pasha taratibu utazame 664 ikirudi juu. Sahihisha upanukaji wa kiyeyushi: kati ya nyuzi 20 na 80 maji hupanuka karibu asilimia 3, na ufyonzaji hushuka kwa kiasi hicho bila molekuli yoyote kuhama. Kuna rangi zenye mikia ya ethilini glaikoli ambazo majini hufanya kinyume, hujikusanya zikipashwa, kwa kuwa maji yaliyoshikwa na mikia huachiliwa. Usishangae ukikutana nazo.

Kwa mafungu marefu, anza juu, monoma zikiwa huru, ushushe joto polepole, nyuzi moja kwa dakika au chini ya hapo, ukisoma ufyonzaji kwenye wimbi moja. Mchoro ukiinuka kwa mviringo laini kama herufi S, ukuaji ni wa nguvu sawa. Ukikaa tambarare kisha ukavunjika ghafla kwenye nyuzijoto fulani na kupanda, kuna kiini kinachotangulia. Halafu pandisha tena. Njia ya kurudi isipolingana na ya kwenda, kuna kikwazo cha kasi, na unapaswa kushusha polepole zaidi.

Hatua ya 7: Angalia fluoresensi kwa uangalifu

Fluoresensi ni mwanga ambao molekuli huutoa baada ya kufyonza mwanga mwingine. Mafungu ya H kwa kawaida hung'aa hafifu. Ya J mara nyingi hung'aa kwa wimbi lililo jirani kabisa na lile linalofyonzwa. Zipo pia molekuli zilizo gizani zikiwa pekepeke na kuwaka zikikusanyika, jambo ambalo kundi la Ben Zhong Tang lililitangaza mwaka 2001. Kwa hiyo kuzimika au kuwaka peke yake si ushahidi wa aina ya fungu. Isitoshe, myeyusho mzito hufyonza mwanga wake wenyewe na kuonekana umezimika. Weka ufyonzaji chini ya 0.1 kwenye wimbi la kuamsha, au tumia kuveti nyembamba na usome mwanga upande wa mbele.

Hatua ya 8: Tenganisha fungu na tope

Tazama sehemu ya spektra ambayo rangi haifyonzi kabisa, mfano nanomita 800 kwa bluu ya methilini. Msingi ukiwa umeinuka na kuteremka polepole kuelekea mawimbi marefu, mwanga unatawanywa na chembe kubwa. Zungusha sampuli kwenye sentrifuji, upime tena majimaji ya juu. Kuchuja kunasaidia, ila vichujio vingi hunyonya rangi, basi pima kwanza kiasi ambacho kichujio kinaiba kutoka kwenye myeyusho wa monoma. Ukitumia kifaa cha kupima ukubwa kwa mtawanyiko wa leza, kumbuka kuwa leza nyingi ni za nanomita 633, ambazo bluu ya methilini huzinywa vizuri sana. Sampuli hupata joto na majibu huharibika.

Hatua ya 9: Irudishe nyuma

Kabla ya kuandika neno "fungu" kwenye ripoti, chukua sampuli ileile, si nyingine iliyotengenezwa upya, uitengue. Ipunguze kwa maji, au itie ethanoli, au ipashe. Jumla ya rangi ikiwa haijapotea, spektra itarudi kwenye umbo la monoma na, baada ya kusahihisha upunguzaji, kwenye kimo kilichotarajiwa. Ikirudi umbo lakini kimo kikapungua, kuna rangi iliyobaki kwenye ukuta wa kuveti au chini kabisa kama tope. Isiporudi hata umbo, huenda molekuli imeharibika kwa mwanga au kwa asidi. Mimi huinua kuveti tupu mbele ya dirisha kila nikimaliza jaribio hili, nikitafuta ule utando wa bluu, kabla ya kufungua daftari.